Ala

Kisu kina ala, na waya una ala.
Ewald huivua ya kwanza ili aivue ya pili.
Kazi yote ni hiyo, tangu saa mbili asubuhi,
ndani ya banda la makaa lisilo na makaa,
hapa Bytom, mtaa ambao nyumba zake zimeinama
kwa kuwa walio juu na walio chini
walikuwa ni watu walewale.

Baba yangu huyo. Miaka sabini na mmoja.
Miguuni pake kuna ndoo tatu:
ya shaba safi, ya shaba yenye doa,
na ya magamba, mekundu, ya buluu,
ya kijani chenye mstari wa manjano,
ungedhani ni peremende
za arusi isiyokuwa na watoto.

Kuchoma hataki.
Vijana wa kina Pyka huchoma, nyuma ya gereji,
na moshi wao mweusi wenye utamu wa kukirihisha
huja kulala kwenye mashuka yangu kambani.
"Shaba iliyoungua," asema baba,
"ni kama mtu aliyewataja wenzake polisi.
Atapokewa. Bei yake imeshashuka."

Basi anachuna.
Ncha ya kisu inatangulia kwa mstari mrefu,
kidole gumba nyuma ya makali, kamwe si mbele,
kisha anavuta, na ganda linaachia
kwa sauti ndogo, mwaa,
busu la shangazi usilolitaka.
Waya unabaki uchi, mwekundu, kama uliozaliwa sasa hivi,
na baridi ya Januari inaanza mara moja kuuzeesha.

Kuchuna, tena, ni kumla mtu fedha zake
huku mwenyewe akicheka.
Mgodi ulimchuna baba miaka thelathini na miwili
ukampa saa ya mkononi.
Alicheka. Picha ninayo.

Jioni tunakokota kigari hadi kwa bibi Wrazidło.
Ana mizani, ana sumaku iliyofungwa kamba.
Huipitisha juu ya ndoo taratibu
kama anayemtafuta mtoto homa.
Shaba haishikwi na sumaku. Kikinata kitu,
basi kuna mtu kadanganya.
Kwetu hakijawahi kunata. Kilo mbili na robo.
Siku nzima, vidole vyote kumi, kilo mbili na robo.

Alhamisi waliokuwa wakibomoa bafu la wachimbaji
walituuzia kebo nene kama mkono wa mtoto.
Baba aliipasua mpira, akafunua kitambaa cha lami,
na katikati pakatokea kiungo.
Nyuzi saba kwa nyuzi saba, zimesokotana
kwenda kushoto.

Kila mtu husokota kwenda kulia.

Nilikuwa nimeshika taa. Nilimwona akitazama
mkono wake wa kushoto, ule ulioshika kisu,
halafu kiungo, halafu mkono.
"Ala!" akasema. Basi.
Sikuuliza ni mwaka gani, ni shimo gani,
ni nani aliyekuwa amemshikia taa siku ile.

Alijaribu kukifungua. Kikagoma.
Akakishika kwa koleo, akapumua, akajaribu tena,
robo saa nzima akipigana na kijana
asiyetaka kitu chake kiachie.
"Kilishika," alinung'unika. Sijui kama alinilalamikia
au alijisifu. "Maji yote yale, na kilishika."

Mwishowe alikikata pande zote mbili.
Kikabaki kiganjani, kifupi, kizito, kinang'aa fedha
pale alipokuwa amekitia lehemu
ili kisije kikamwaibisha.
Nilinyoosha mkono nikipokee, nikitie mfukoni.
Yeye akakigeuza mara moja chini ya taa.

"Kina lehemu," akasema. "Daraja la pili."
Akakitupa katika ndoo ya kati
na kuniuliza kama kuna chai.